Walezi Waliokula Amana: Historia Fupi ya Adhabu ya Mlezi Mwizi

Katika Injili ya Yohana tunasoma habari za mtu aliyeshika mfuko wa fedha za wanafunzi, ambamo maskini nao walikuwa na sehemu yao, naye alikuwa akivichukua vilivyotiwa humo. Wahubiri wetu hukaa sana juu ya vipande thelathini vya fedha, lakini mfuko huupita kwa haraka. Hata hivyo, kwa mwanafunzi wa historia ya sheria, mfuko ndio wenye swali gumu zaidi. Mtu yule hakuvunja mlango wala hakumvizia mtu njiani. Fedha zilikuwa mkononi mwake kwa halali, kwa kuwa wenzake walimkabidhi. Je, mtu wa namna hiyo ni mwizi mbele ya sheria? Na kama ni mwizi, ni nani atakayemshtaki, ikiwa aliyeibiwa ni mtoto mchanga, au mgonjwa asiyejitambua, au bibi kizee ambaye hana macho ya kusomea karatasi anayotiliwa kidole?

Kiswahili kina maneno ya jambo hili tangu zamani. Husemwa kwamba mtu amehini amana, au kwamba amekula mali ya yatima, na usemi huu wa pili watu wa pwani wameuzoea pia katika mafundisho ya Kurani, ambayo huagiza mali ya yatima irudishwe mbele ya mashahidi. Lakini kulijua kosa ni jambo moja, na kuliwekea adhabu ni jambo jingine. Makala hii inafuata njia ya adhabu hiyo katika mataifa machache ambayo sheria zao, moja kwa moja au kwa kuzunguka, zimetufikia sisi. Naomba nitangulize maoni yangu ili msomaji ayapime anaposoma: adhabu imepanda na kushuka mara nyingi, lakini kilichowaokoa wanyonge zaidi ya ukali wake ni mali kuandikwa kabla mlezi hajaizoea, na kuwapo kwa mtu mwingine mwenye ruhusa ya kusema.

Tuanze na Torati kwa ufupi. Sura ya 22 ya kitabu cha Kutoka inayo sheria ya amana: mtu akiweka fedha au vyombo kwa jirani yake, navyo vikaibwa, mwizi akipatikana atalipa mara mbili, asipopatikana, yule aliyewekewa atafika mbele za Mungu ili ijulikane kama hakutia mkono wake mwenyewe. Mistari michache baadaye, sura hiyo hiyo inakataza kuwatesa wajane na yatima, lakini hapo hapana faini wala baraza. Mungu mwenyewe anasema atakisikia kilio chao. Tofauti hii si ya bahati. Katika kesi ya amana mwenye mali yupo, anaweza kusimama langoni mbele ya wazee na kudai chake. Mjane na yatima hawana wa kuwasemea langoni, kwa hiyo kesi yao inapelekwa juu moja kwa moja.

Huko Athene karne ya 4 K.K. tunaipata kesi tunayoijua kwa kinaganaga, na aliyeibiwa si mwingine ila Demosthenes, ambaye baadaye alikuwa msemaji mashuhuri kuliko wote wa mji ule. Alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka 7. Baba alikuwa na karakana mbili za watumwa, moja ya visu na panga, nyingine ya vitanda, na mali yote kwa hesabu ya mwanawe ilikaribia talanta 14. Aliiacha chini ya walezi watatu: Aphobus na Demophon, wapwa na watoto wa ndugu zake, na Therippides, rafiki wa ujana. Naye hakuwa mjinga. Aliwapa kila mmoja fungu lake mapema ili wasitamani la mtoto: Demophon talanta mbili na ahadi ya kumwoa binti, Therippides faida ya mina 70 mpaka mtoto akue, Aphobus mahari ya mina 80 pamoja na mjane mwenyewe awe mkewe. Aphobus aliichukua mahari, mjane hakumwoa. Demosthenes alipofika utu uzima mwaka 366 K.K. alikabidhiwa vitu vya thamani ya mina 70 hivi, yaani zaidi kidogo ya talanta moja. Wosia haukuonekana. Alimshtaki Aphobus, akashinda mwaka 364 au 363 K.K., na baraza likamwamuru mlezi alipe talanta 10. Hapo Aphobus akamwachia shemeji yake Onetor shamba, na Demosthenes ikambidi aanze kesi nyingine dhidi ya huyo.

Sheria ya Athene haikuwa dhaifu katika maandishi. Archon, mkuu wa mji, alipewa ulinzi wa yatima, na raia yeyote aliweza kumshtaki aliyemtenda yatima vibaya. Zaidi ya hayo, wakati mshtaki wa makosa mengine ya umma aliyekosa moja ya tano ya kura alitozwa drakma 1,000, mshtaki wa kesi ya yatima hakuwa na hatari hiyo. Waathene walielewa kwamba mtu wa pembeni hana faida katika kesi kama hiyo, basi asitishwe. Lakini Demosthenes alidai mwenyewe, baada ya miaka kumi, kwa ulimi wake mwenyewe. Si kila yatima amezaliwa Demosthenes.

Ni Warumi waliolifikiri jambo hili kwa kina, na hapa naomba tukae. Mbao Kumi na Mbili, sheria zao za karibu mwaka 450 K.K., zilimtaka mlezi aliyejitwalia mali ya mtoto alipe mara mbili ya alichochukua. Kwa nini mara mbili? Sheria zile zile zilitofautisha mwizi aliyekamatwa papo hapo na mwizi aliyegunduliwa baadaye. Wa kwanza, akiwa mtu huru, alichapwa viboko na kukabidhiwa kwa aliyemwibia. Akiwa mtumwa, alichapwa na kutupwa kutoka Mwamba wa Tarpeia. Wa pili alilipa mara mbili tu. Basi mlezi aliwekwa katika kundi hili la pili, na ukifikiri utaona kwamba haingewezekana vinginevyo. Mlezi hawezi kukamatwa papo hapo. Akionekana usiku akitoka ghalani na gunia la ngano ya mtoto, atasema anakwenda kuuza kwa faida ya mtoto, na huenda ni kweli. Tendo la wizi na tendo la uangalizi mwema hufanana kwa nje; hesabu peke yake huyatenganisha.

Wanasheria wa Roma walikwazwa na neno moja zaidi. Walikuwa wamefundisha kwamba mlezi, katika mambo ya mtoto, anakaa mahali pa mwenye mali. Sasa mwenye mali huibaje mali yake? Paulus, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 3 B.K., alijibu kwamba mlezi aliyechukua kwa nia ya kuiba hushikwa na mashtaka ya hesabu na ya wizi pia. Jibu ni zuri, lakini angalia lilikuja baada ya karne sita.

Ndipo tunafika kwenye lililo bora zaidi, nalo ni mashtaka dhidi ya mlezi anayeshukiwa, ambayo Ulpianus alisema yalitoka katika Mbao Kumi na Mbili. Mtoto mwenyewe hakuweza kumshtaki mlezi wake, angewezaje? Kwa hiyo mashtaka haya yalifunguliwa kwa watu wote. Na katika mji ambao kwa kawaida mwanamke hakuruhusiwa kumshtaki mtu kwa niaba ya mwingine, hapa aliruhusiwa, mradi aongozwe na upendo wa undugu. Ulpianus anawataja: mama, bibi, dada, na pia yaya aliyemnyonyesha mtoto. Mwalimu anayefundisha sheria ya Kirumi huweza kulipita neno hili, lakini lisimamishe kidogo. Yaya mara nyingi alikuwa mtumwa au mtumwa wa zamani. Hakuwa na mali wala jina. Lakini ndiye aliyejua kwamba kanzu ya mtoto imechakaa wakati mlezi amenunua farasi, na sheria ya dola kubwa kuliko zote za wakati ule ilimfungulia mlango wa hakimu kwa sababu hiyo hiyo.

Mlezi aliyeondolewa kwa udanganyifu alipoteza heshima ya uraia. Aliyeondolewa kwa uzembe tu hakuipoteza. Umaskini peke yake haukumfanya mtu ashukiwe, maana wanasheria walijua kwamba maskini mwaminifu ni mlezi bora kuliko tajiri mlaghai. Wala tajiri hakuweza kujinunua kwa kuweka dhamana, kwa sababu dhamana haibadilishi nia. Jambo moja katika sheria hizi linatia uchungu: mlezi aliyekuwa mtumwa wa zamani, akiwadanganya watoto wa bwana wake, alipelekwa kwa mkuu wa mji aadhibiwe kama mhalifu, wakati mlezi muungwana aliyetenda yale yale alilipa na kuaibika. Tutaona kwamba upendeleo huu haukufa pamoja na Roma.

Na kuhusu hesabu, Ulpianus alikuwa mkali kuliko wanasheria wengi waliomfuata. Mlezi asiyeandika orodha ya mali alipoanza kazi, alisema, anahesabiwa kuwa ametenda kwa hila, isipokuwa ana sababu ya haki. Yaani hapana haja ya kuthibitisha ameiba nini. Daftari lisilokuwapo ni ushahidi.

Ukitoka Roma, njia ni ndefu na mahali pengi ni pakavu. Nitavuka zaidi ya miaka elfu moja kwa hatua moja na kufika Ujerumani wa siku za Matengenezo. Mwaka 1532 Kaisari Karl V alitoa kanuni ya makosa ya jinai iitwayo Carolina. Kifungu chake cha 170 kinasema kwamba mtu aliyekabidhiwa mali kwa uaminifu, kisha akaitumia kwa makusudi kumdhuru aliyemwamini, ataadhibiwa sawa na mwizi. Katika Carolina wizi haukuwa mzaha: wizi mkubwa au wa mara ya tatu uliweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Kanuni za Dola za 1548 na 1577 ziliongeza kwamba walezi waape, waandike orodha ya mali, na watoe hesabu kila mwaka. Hivyo hatimaye mambo yote mawili, kitanzi na daftari, yaliwekwa pamoja.

Lakini miaka 9 kabla ya Carolina, mji mdogo wa Leisnig katika Saksonia ulikwisha kulifikiri jambo hili kwa njia yake. Mali za kanisa zilipaswa kuingia katika sanduku moja la shirika, litakalowatunza yatima, wazee, wagonjwa na maskini wa nyumbani. Luther aliandika utangulizi wa kanuni hiyo mwaka 1523. Wasimamizi walikuwa 10, wakichaguliwa kila mwaka: wawili wa wenye vyeo, wawili wa baraza la mji, watatu wa raia wa kawaida, watatu wa wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne, na kila kundi lilishika ufunguo wake. Kwa hiyo mkulima wa kijijini aliweza kulizuia sanduku lisifunguliwe na mungwana. Hesabu zilisomwa mbele ya mkutano wa usharika wote. Kanuni haikutegemea kwamba wasimamizi watakuwa watakatifu, ingawa waliokuwa wakichaguliwa ni Wakristo wenye jina jema. Sisi tunaotangaza kwamba mwanadamu ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa pamoja tusingepaswa kuzishangaa kufuli nne.

Mpango huo haukufanikiwa kama ulivyoandikwa. Baraza la mji lilikataa kuachia mali za wakfu zilizokuwa mikononi mwake, na malalamiko ya Luther kwa Mteule Friedrich hayakuleta suluhisho la upesi. Johannes Bugenhagen alilichukua wazo na kulitengeneza katika kanuni za Braunschweig za 1528 na za miji mingine, akitenga sanduku la maskini na lile la gharama za kanisa, ili fedha za mjane zisipotelee katika paa la mnara. Katika Katekisimo Kubwa ya 1529, anapofafanua amri ya saba, Luther alilalamika kwamba wezi wadogo hunyongwa na wakubwa huketi vitini kwa heshima. Alikuwa na ushahidi karibu.

Ujerumani iliendelea kumtaja mlezi kwa jina lake. Kanuni ya Adhabu ya 1871, katika kifungu cha 266 kuhusu ukosefu wa uaminifu, iliwaweka walezi mwanzoni mwa orodha ya watakaofungwa kwa kuwadhuru kwa makusudi watu au mali walizokabidhiwa. Mwaka 1933 orodha ile iliondolewa na kuwekwa maneno ya jumla kuhusu mtu yeyote mwenye madaraka juu ya mali ya mwingine. Sheria hiyo ilifika Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa ajili ya Wazungu. Waafrika walihukumiwa kwa amri nyingine.

Sheria iliyotufikia sisi ilikuja kwa njia ya Uingereza, na huko hali ilikuwa tofauti. Waingereza walishikilia kwamba wizi ni kunyakua kitu kutoka mikononi mwa mwingine. Aliyepewa hanyakui. Mwaka 1529 Bunge lilipitisha sheria ya kumhukumu mtumishi aliyekimbia na mali ya bwana wake ya thamani ya shilingi 40 au zaidi. Mwaka 1799 karani wa benki aitwaye Bazeley alipokea noti ya pauni 100 kwa mteja, akaitia mfukoni; majaji wakaona si wizi kwa kuwa noti haikuwa imefika mikononi mwa benki, na Bunge likatunga sheria mwaka ule ule kuziba tundu hilo. Lakini mdhamini aliyekula mali ya mjane au yatima? Kwa sheria yeye ndiye aliyekuwa mwenye mali. Mahakama ya Chansela iliweza kumlazimisha arudishe, kama kulikuwa na mtu wa kulipia kesi. Haikumfunga kama mwizi. Ilichukua mpaka 1857 kwa Bunge kumfanya mdhamini mwizi kuwa mhalifu. Tukihesabu tangu 1529, tajiri alilindwa dhidi ya mtumishi wake miaka 328 kabla mnyonge hajalindwa dhidi ya mdhamini wake. Na hata hapo, sheria ya 1857 iliweka sharti kwamba mdhamini asishtakiwe bila kibali cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mlinganishe na yaya wa Roma.

Mpangilio huo wa fikra ulisafirishwa. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyotumika pia Tanganyika tangu 1920 hadi Kanuni ya Adhabu ya 1930 ilipochukua nafasi yake, ilikuwa na vifungu kadhaa juu ya kuvunja amana. Adhabu ya kawaida ilikuwa kifungo kisichozidi miaka 3. Mchukuzi wa mizigo, mwenye gati au mwenye ghala angeweza kupata miaka 7. Karani na mtumishi vile vile. Mtumishi wa serikali na mwenye benki waliweza kupata zaidi. Mlezi wa yatima hakutajwa katika madaraja hayo ya juu. Shehena ya karafuu gatini ilikuwa na ulinzi mkali kuliko ng'ombe wa mtoto.

Katika miaka ya karibu baadhi ya nchi zimeurudia mtazamo wa kale. Uingereza, kwa Sheria ya Udanganyifu ya 2006, inamhukumu hadi miaka 10 mtu anayetumia vibaya nafasi ambayo ndani yake alipaswa kulinda mali ya mwingine, na mtunzaji wa mzee au mgonjwa anaingia humo. Jimbo la California huko Marekani lina kifungu kinachomtaja waziwazi mtunzaji anayemwibia mtu wa miaka 65 au zaidi. Linalonivutia zaidi ni jingine: sheria ya California ya 2005 inawalazimisha wafanyakazi wa benki kutoa taarifa wanaposhuku kwamba mzee anaibiwa. Keshia dirishani ndiye yaya wa leo.

Nasi je? Kanuni yetu ya Adhabu inamwadhibu aliyekabidhiwa mali kwa amana kisha akaiiba kwa ukali kuliko mwizi wa kawaida. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya haki ya mali ya mzazi wake aliyefariki, na anayevunja anaweza kutozwa hadi shilingi milioni 5 au kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili. Na Sheria ya Usimamizi wa Mirathi inamtaka msimamizi apeleke mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi 6, na hesabu ndani ya mwaka 1. Ulpianus angeitambua mara moja. Haisemi mjane akaombe orodha. Inasema msimamizi ailete.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mjane alikuja kwangu na daftari la shule lililokunjwa ndani ya khanga. Marehemu mume wake alikuwa ameandika humo kwa mkono wake: ng'ombe watatu, cherehani, bati 42 ambazo hazijaezekwa, na miti ya kahawa kwa mistari. "Baba Mchungaji," aliniambia, "shemeji anasema ng'ombe alikuwa mmoja." Msimamizi wa mirathi alikuwa huyo huyo shemeji, na kwa miezi minane hakuwa amepeleka karatasi yoyote mahakamani. Tulikwenda pamoja, yeye, mimi na wazee wawili wa kanisa, siku ambayo shemeji aliitwa. Karani alilisoma daftari kwa sauti, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye ng'ombe, shemeji aliomba ruhusa ya kusema, akaeleza kwamba sasa amekumbuka: wawili walikuwa wamepelekwa kwa muda kuchunga kwa rafiki yake, upande wa pili wa mto.